Mashine Ndogo ya Rangi ya Dhahabu

Busale, 14 Aprili

Baba Anyosisye,

Ugonile. Huku hatujambo. Mvua haikatiki, kakao tumeianika mara tatu na kuianua mara tatu, na Anyosisye ameota jino la pili.

Zile mashine za zamani za kunyolea ndevu ulizonunua huko Karonga zimefika zote sita. Nimezisugua kwa mswaki na kuzipaka mafuta kama ulivyonifundisha. Ile nzito, inayofungua milango miwili juu ukizungusha mpini, ni nzuri kweli. Nimeiweka mbele kabatini.

Sasa hii ndogo ya rangi ya dhahabu. Wewe mwenyewe ulinionyesha picha kwenye simu ukasema zenye mpini mfupi namna hii walitengenezewa wanawake, wanyolee kwapa. Umeandika kwamba ilikaa miaka arobaini kwenye sanduku la bibi mmoja marehemu. Haya. Lakini nimeifungua, ndani kuna wembe, na wembe unang'aa! Kwa unyevu wa ziwa hili wembe haumalizi wiki mbili bila kutu. Hilo nalo ulinifundisha wewe. Au huyo marehemu bado ananyoa?

Sina maneno mengi. Tano nimezipanga. Hiyo moja namrudishia mwenyewe kwa dereva yuleyule aliyezileta, na wembe wake ndani vilevile. Mwambie siku nyingine akikupa kitu chake, atoe wembe kwanza.

Mkeo, mwenye kabati,
Mama Anyosisye