Sauti ya Mama Yako Iko Moja

Koboko, tarehe 3 mwezi wa pili, 1993

Binti yangu Sitti,

Asalam aleku. Mimi baba yako iko mzima, Mungu iko. Magoti tu inauma asubuhi, jua ikitoka inapona. Wewe iko namna gani huko Nairobi? Baridi inakuachia? Wanakula nini huko? Mama yako mdogo Rosa Kiden anasalimu sana. Mbuzi pia inasalimu, ndiyo peke yake hapa inanisikia nikisema.

Hii barua naandika mimi mwenyewe na mkono yangu. Watu wengine hapa wanaita mwalimu Okuonzi awaandikie, halafu kabla ya jioni Koboko nzima inajua shida yao. Mimi hapana. Mimi nilikuwa mtu wa redio ya jeshi, siri ilikuwa kazi yangu.

Ndugu za Jale walikuja. Walikaa, walikula, walisifu nyumba. Nimekubali. Jale ni kijana mzuri, ingawa anaongea kama mutu anaogopa kuamsha mtoto. Sasa harusi itakuwa, na wewe utatoka kwa mlango yangu. Unajua desturi ya nyumba yetu. Binti akienda kuolewa, mama anafunga mlango, anampa maneno. Baba hasikii. Baba akisikia ni aibu kubwa.

Basi kuna jambo sijakuambia. Mama yako alijua hatafika hiyo siku. Ile mwaka themanini na mbili, tulikuwa bado Kongo, upande wa Aru, ugonjwa ilikuwa imemaliza mwili yake. Alitaka redio kaseti yangu, akaweka maneno yako ndani ya kaseti, akafa mwezi ule ule. Mimi nimeichunga mpaka leo. Sijasikia hata mara moja. Hakuna mutu amesikia. Zunguka Koboko, Ayivu, mpaka Vurra, hutapata baba amechunga kitu namna hii.

Siku ya harusi utaisikia, mlango ikifungwa.

Baba yako mzazi,
Sajini Sule


Nairobi, 24 Februari 1993

Kwa Baba yangu,

Salaam aleikum. Barua yako nimeipata kwa mkono wa Asiku, dereva wa lori, ikiwa na harufu ya dizeli. Mimi ni mzima, baridi nimeizoea, ugali ni ule ule. Msalimie mama mdogo. Msalimie na huyo mbuzi mwenye subira.

Baba, habari ya kaseti niliisoma kazini, machozi yakanitoka, nikasingizia vumbi. Uso wa Mama ninao. Namna alivyokuwa akifunga leso ninayo. Sauti imenitoka. Nimeitafuta mpaka nimechoka.

Ndiyo maana nakuomba jambo. Hapa ofisini tunatumia kompyuta. Kila jioni kabla ya kufunga mlango nanakili kazi yote kwenye disketi mbili. Moja inabaki kabatini, nyingine naenda nayo nyumbani mkobani. Mwanzoni niliona ni upuuzi wa Wahindi wenye ofisi. Juzi mashine ilikufa na kazi zote ndani. Nikatoa disketi yangu kwenye mkoba, tukaendelea kabla chai haijapoa. Bwana wa ghorofa ya chini mashine yake nayo ilikufa, naye hakuwa na nakala. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi, kiatu kimoja kimemvuka, hajui.

Kitu kilicho kimoja, Baba, ni kama kimeshapotea, kinangoja siku tu. Ipeleke kaseti Arua kwa fundi Dramadri. Ana mashine ya kaseti mbili, anaweza kunakili huku sauti imefungwa, hata yeye asisikie. Na kabla ya hapo vunja vile vipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, ili mtu asije akarekodi juu yake.

Nakuomba kwa heshima.

Binti yako,
Sitti


Koboko, tarehe 21 mwezi wa tatu, 1993

Binti yangu Sitti,

Asalam aleku. Sisi hapa wazima, mvua bado. Barua yako nimesoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.

Vipande ya plastiki nilivunja zamani, na meno yangu, wewe ukiwa bado unaogopa kuku. Usinifundishe redio.

Dramadri mimi namjua. Mwimbaji wa Kongo akikohoa Jumatatu, Jumatano Dramadri anauza kikohozi yake sokoni. Unataka mama yako auzwe pale, katikati ya samaki na sabuni? Unataka madereva ya Vurra wamsikie wakikunywa bia, mmoja aseme, ongeza sauti, huyu mama anasema vizuri? Maneno ya ndani ya nyumba!

Kitu ikiwa mbili, mwizi pia iko mbili. Jeshini ujumbe ikifika unasoma, unachoma. Afisa mmoja alikuwa anaweka nakala kwa mfuko ya shati. Adui walimkamata na shati. Mimi sikuweka nakala hata siku moja, na mimi niko hapa naandika, yeye hayuko.

Hiyo kompyuta yenu ni sanduku inasahau. Sasa mutu anasahau kila siku, unampa kazi ya nini? Umfukuze! Sauti ya mama yako iko moja kwa sababu mama yako alikuwa mmoja. Itabaki moja.

Baba yako,
Sajini Sule


Nairobi, 18 Aprili 1993

Kwa Baba,

Salaam aleikum. Natumaini mvua imeshuka. Mimi mzima, Jale pia anakusalimu, kwa sauti yake ile ile ya chini.

Nimefikiri maneno yako. Kuhusu Dramadri huenda una haki. Hapa bosi wetu ana neno la siri la kufungulia kompyuta, ameliandika kwenye karatasi, amelibandika chini ya meza. Anayefagia analijua, anayeleta chai analijua, yeye tu ndiye hulisahau. Kwa hiyo sitakuomba tena unakili.

Lakini sina raha. Nawaza mabati na joto, nawaza panya, nawaza maji ya mvua. Niambie tu imekaa wapi. Sitamwambia mtu, hata Jale. Nikijua ilipo nitakaa nikisubiri siku yangu kama wasichana wengine.

Binti yako,
Sitti


Koboko, tarehe 9 mwezi wa sita, 1993

Binti yangu Sitti,

Asalam aleku. Mvua imekuja mpaka njia ya Arua imekatika, ndiyo maana nimechelewa. Mihogo iko, maharagwe iko. Rosa Kiden alikuwa na homa, amepona, ameanza tena kugombana.

Hii jambo sikutaka kuandika. Lakini Asiku anabeba barua na mkono yake na Asiku hajui kusoma, basi. Soma, halafu choma.

Unakumbuka spika yangu kubwa ya mbao, ile ya kantini ya jeshi? Mwaka sabini na tisa tulipokimbia vita, wengine walibeba godoro, wengine kuku, mimi nilibeba spika kwa kichwa. Watu walicheka njia yote. Kule Kongo mvua ikaitoboa, ikanyamaza. Nikaambiwa tupa. Sikutupa. Askari walikuja kwa kambi, walichukua taa, walichukua blanketi, hata sufuria ya mama yako. Spika waliipiga teke tu, wakapita. Nani anaiba spika imekufa?

Hapo ndipo akili yangu ilifanya kazi. Mama yako alipofariki nilifungua mbao ya nyuma. Ndani, katikati, iko ile chuma nene ya mviringo, kubwa kama sahani ya chai. Nikasogeza kaseti, chuma ikaivuta yenyewe, tap! Haitaki msumari, haitaki kamba. Ilishika kama mtoto kwa titi. Tumerudi nyumbani kutoka Kongo, spika inarukaruka nyuma ya baiskeli, kaseti haijasogea hata kama unywele. Mpaka leo iko pale pale, kavu, panya haifiki, mwizi hajui. Nimechungulia jana na tochi.

Sasa uliza hao watu ya disketi, wao wanaweka kwa mkoba. Kwa mkoba! Waambie Sajini Sule wa Koboko anawasalimu.

Baba yako,
Sajini Sule


Nairobi, 27 Juni 1993

Baba,

Salaam aleikum. Leo sitauliza hali, nisamehe.

Hicho chuma ni sumaku. Sauti imekaa kwenye utepe wa kaseti kwa nguvu ya sumaku, na sumaku kubwa huifuta. Kazini tunakatazwa hata kuweka disketi juu ya redio kwa ajili ya spika iliyo ndani.

Itoe sasa, usimalize barua kwanza. Iweke mbali na ile spika. Halafu mwite mama mdogo Rosa Kiden, afunge mlango, asikilize. Yeye ni dada yake, hakuna aibu. Nataka kujua tu kama ipo.

Usimtume mtu mwingine. Usisubiri harusi.

Sitti


Koboko, tarehe 30 mwezi wa tisa, 1993

Binti yangu Sitti,

Asalam aleku. Sisi wazima. Mtama mwaka hii ni mzuri sana, watu wanakuja kuangalia shamba yangu, wanauliza nilifanya nini. Simsim pia. Mbuzi imezaa mapacha. Ndugu za Jale waliuliza siku ya harusi, niliwaambia wangoje, baba anapanga.

Barua yako ilichelewa njiani. Halafu nilikuwa na kazi.

Rosa Kiden alisikia. Anasema iko shhhh, kama mvua kwa mabati, na mbali sana iko kitu kama mutu anaongea chini ya maji, halafu inapotea. Nilimwambia wewe ni kiziwi. Nilinunua mawe mapya, betri ya redio. Nilisafisha kichwa ya redio na spiriti, kama jeshini. Alisikia tena. Akatoka, akaenda kwake, mlango ameacha wazi.

Sikuamini mwanamke. Niliingia mimi mwenyewe, nikafunga, nikasikia upande hii na upande ile, mpaka mwisho. Kwa hiyo aibu nimebeba, na kitu ndani hakuna.

Lakini kosa si yangu. Aliyetengeneza spika angeandika juu yake. Bunduki inaandikwa, bomu inaandikwa. Na wewe ulijua hii mambo ya sumaku, ulikaa nayo huko Nairobi, hukusema katika barua ya kwanza.

Usilie sasa. Maneno ya mama kwa binti inajulikana, haipotei. Mimi nilikaa na mama yako mwaka mingi, najua alisema nini. Alisema hivi. Sitti, heshimu bwana yako. Akiwa na hasira usimjibu. Wageni wakifika, chakula iwe tayari. Usitembee kwa nyumba ya watu kubeba maneno. Na usisahau baba yako, yeye ndiye alibeba wote katika vita, sikiliza shauri yake. Hayo ndiyo alisema. Andika kwa karatasi nzuri, siku ya harusi Rosa Kiden atakusomea, mlango ikifungwa.

Baba yako,
Sajini Sule


Nairobi, 17 Oktoba 1993

Kwa Baba,

Salaam aleikum. Natumaini mavuno yanaendelea.

Maneno uliyoniandikia ni yako. Hakuna hata moja la Mama. Mama hangeniambia nisijibu. Yeye mwenyewe alikuwa akikujibu, tena mbele za wageni, nawe ulikuwa ukicheka ukitoka nje. Hilo nalikumbuka. Nilikuwa nimebakiwa na kidogo sana, Baba, na sasa unataka kukiwekea sauti yako juu.

Si spika iliyoniuma. Vita vilichukua vitu vya watu wengi. Kinachoniuma ni kwamba niliomba mara ya kwanza, ukanitania. Niliomba tena, ukajisifu. Ilipokwisha, ukanipa kosa.

Tutafungia ndoa hapa Nairobi, baada ya Idi. Jale ameshawaarifu ndugu zake. Huko kwako sina tena neno la kufungiwa mlango.

Nakuomba la mwisho. Wewe ndiye mwenye redio, wewe ndiye uliyebonyeza. Lazima ulisikia japo mwanzo kabla ya kutoka. Niandikie hilo, hata kama ni neno moja. Usilipambe. Ukilipamba nitajua.

Sitti


Koboko, tarehe 12 mwezi wa kumi na mbili, 1993

Sitti,

Asalam aleku. Niko mzima.

Barua yako imekaa hapa tangu mwezi uliopita. Nilianza kuandika mara nyingi, nikapasua. Rosa Kiden haji tena kwangu, anapita njia ya nyuma.

Kuhusu kosa sitaandika tena. Nilichunga kama nilivyojua.

Unataka neno, hii hapa. Tulikuwa katika ile nyumba ya nyasi. Niliweka redio kwa mkeka karibu na kichwa yake. Nilibonyeza mbili pamoja, ile nyekundu na ya kando yake. Nilitaka yeye aone namna mimi najua ile mashine, nikaongea kwanza kama jeshini, moja mbili, moja mbili, hapa Sajini Sule. Mama yako alikuwa na pumzi kidogo, lakini alisema wazi: "Sule, umeongea ya kutosha. Toka nje, niongee na mtoto wangu."

Nikatoka. Nikafunga mlango. Mengine sijui.

Wewe ulitoka kisimani na ndoo. Ulisikia sauti ndani, ukataka kuingia. Ukaniuliza, "Baba, Mama anaongea na nani?" Mimi nilikuwa nimeshika mlango na mgongo. Nikakuambia si na wewe, enda kule.

Baba yako,
Sule