Nimelifungua Tangi Lako, Shemeji

Kwako Athumani, mume wa dada yangu, uliyeishi mtaa wa Shika Adabu umri wako wote na adabu usiishike,

Assalaam alaykum. Jibu usijibu, shauri yako. Hata ulipokuwa hai ulikuwa ukijibu salamu kama mtu anayeng'olewa jino.

Nakuandikia kukwambia kuwa nimelifungua tangi lako. Lile dude lako la kuvuta moshi wa peremende, ulilokuwa ukilivaa shingoni kwa kamba kama mkubwa wa bandari. Nimelifungua lote, skrubu moja moja. Na miye, wajua, shule niliipita kwa nje nikielekea kazini, lakini nimefungua stovu, nimefungua karabai, pasi, feni, nimefungua jokofu la nahodha wa meli ya Wagiriki, mtu mzima akanikumbatia akilia. Wallahi sijaona kazi chafu kama niliyoikuta humo ndani. Kuku ukimpa bisibisi atafanya nadhifu kuliko wewe.

Lakini ngoja nikuanzie mbali, maana wewe ulikuwa mtu wa kuambiwa jambo mara mbili.

Wakumbuka dude lilivyoingia? Mwanao mkubwa alikuja likizo kutoka Doha, akakuta mamake ameshakutoa chumbani. Sigara, bwana. Dada yangu Mwanaisha alikuwa amechoka. Mapazia yanuka, mitandio yanuka, na usiku kifua chako chakoroma kama lori lililoshindwa na mlima. Akakurushia mto, akakwambia, "Kochi lile pale. Siku utakayoacha sigara, mlango huu hapa." Ukalala kochini, mzee mzima mwenye wajukuu, miguu yaning'inia nje kama samaki aliyezidi kikapu. Mimi nilitoka Mishomoroni alfajiri, nikavuka feri, nije nikuone tu. Sikuja kwa jambo jingine lolote. Nilikuja kucheka, nikacheka, nikanywa chai yako, nikarudi kwangu.

Basi mwanao akakuletea vepu, ile sigara ya betri, upate kuachana na ya moto. Na si hizi za vijana za kuvuta na kutupa. Yako ilikuwa ya kujitengenezea mwenyewe. Juu tangi la kioo la kutia maji yake, ndani kijiwaya cha kusokota, na katikati ya kile kijiwaya wapitisha pamba. Pamba yanywa maji, waya washika moto, moshi watoka. Hiyo ni stovu ya utambi, Athumani! Stovu ya utambi iliyovaa suti. Nilikwambia hivyo barazani kwangu siku ile ile, ukanitazama kama niliyekutukania mamako.

"Hii ni elektroniki, shemeji," ukasema. "Wewe baki na mafuta yako ya taa."

Elektroniki! Asema nani? Mtu aliyekwenda kuwasha jiko la mkewe akaunguza nyusi zote mbili, akaenda harusini Kisauni amechorwa nyusi kwa wanja. Na joto lile. Kabla ya biriani kufika nyusi zilishateremka mashavuni. Watoto wakakimbia.

Halafu ikaja ile Ijumaa. Ulikuja kuswali kwetu, umevaa kanzu nyeupe, dude umelificha mfukoni. Tukiwa tumesimama, tangi likavuja. Maji yenyewe yalikuwa ya harufu ya embe. Safu nzima yanusa embe. Imamu alipotoa salamu tu, mzee wa mbele yako akageuka akauliza, "Nani amekuja na matunda msikitini?" Nawe umekaa umelifunika lile doa kwa mkono, macho juu, kama walii.

Nje nikakushika mkono. Nikakwambia kwa upole, na mimi upole siugawi ovyo, "Shemeji, ule mpira wa chini umekaa upande, ndio maana lavuja. Tena tundu la hewa umeliacha wazi wakati wa kujaza. Lete nikutengenezee."

Ukasema, "Siwezi kumpa fundi wa stovu mashine ya mwanangu."

Hukulileta tena. Kiburi chako kingetosha watu wa Likoni nzima na chenji ikabaki.

Mwanao akarudi zake Doha. Chupa za maji alikuachia za kukufikisha kiyama. Ikapita miezi. Siku moja Mwanaisha akanipigia simu, sauti juu: "Kaka, njoo unihukumie mambo na shemejiyo." Nikafika, nikawakuta mmesimama sebuleni kama majogoo.

"Shikamoo kaka. Mwambie huyu," akasema. "Avuta. Kaanza tena."

"Sijavuta sigara tangu mwanangu aondoke," ukasema. "Wallahi, billahi, tallahi. Sijaigusa."

"Na mimi wallahi avuta! Pua hii imeishi na moshi wake tangu nilipoolewa. Mnuse mwenyewe, kaka. Anuka kuungua mpaka ndevuni."

Nikakusogelea, nikakunusa kama mbuzi wa mnadani. Na kweli ulinuka. Kitu kimeungua, kikali. Nikakwambia, "Lo, shemeji! Hata kudanganya hujui? Mtu huosha kinywa kwanza, ndipo huapa." Mwanaisha akaingia chumbani akafunga mlango. Wewe ulikaa kwenye kochi lako ukaanza kufuta lile dude kwa ncha ya kikoi, pole pole, kama mtu afutaye sahani ya mgeni.

Presha ikakuchukua ukiwa bado mtu wa kochini.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo kwenye jambo. Dada yangu yuko edani. Amevaa nyeupe, ametulia, chakula hakimpiti. Juzi akaniita. Nilidhani ataka dawa, au mtu wa kurekebisha bomba. Akanitolea lile dude, amelifunga kwenye leso.

"Kaka, wewe wajifanya fundi wa kila kitu," akasema. "Lifungue hili. Uniambie kama alikuwa akilitumia, au alikuwa akilivaa kunizuga tu."

"Yatusaidia nini sasa? Mtu amekwenda."

"Amekwenda na kiapo. Aliapa kwa jina la Mungu mbele yangu na mbele yako. Kama aliapa uwongo, nataka nimtolee kafara, nilishe masikini, asiende kusimamishwa kwa ajili ya sigara. Na kama hakuapa uwongo..." Akanipa bisibisi, akaenda jikoni.

Nikakaa kwenye kochi lako. Baya, kwa hakika. Vipi ulikuwa ukilala pale sijui.

Nikaanza. Kifuniko cha juu kikatoka kwa shida, meno yake yameliwa kwa kufunguliwa na kufungwa. Kioo kina ufa, umeuziba kwa gundi ya viatu. Ule mpira wa chini, ule niliokwambia, uliutupa, ukakata mwingine kutoka kwenye ndara yako ya buluu! Skrubu za kushikia waya vichwa vyake vimekuwa mviringo kama njugu mawe, maana bisibisi hukuwa nayo, ulikuwa ukitumia kisu cha kupakia siagi. Nikawa nakutukana kwa sauti, peke yangu. Mwanaisha akauliza kutoka jikoni, "Wasema na nani?" Nikamwambia, "Na mumeo."

Lakini mimi fundi. Kitu kinachovaliwa kwa kuzugia watu hakichakai hivyo. Nikapima betri, nzima. Nikautazama waya, miguu yake haijagusa ukuta, haina shoti. Nikauwasha bila pamba, ukawaka mwekundu toka katikati kwenda pembeni, sawa sawa. Kwa hivyo moto upo, maji yapo, tangi limejaa. Mbona basi pamba yenyewe imekuwa mkaa?

Nikaichambua kwa kucha. Nje imelowa, ndani kavu kama jangwa, tena yateleza, nyepesi, yarukaruka na pumzi. Nikaleta bakuli la maji. Nikatupa kipande kidogo. Kikaelea. Nikakisukuma kwa kidole, kikapanda juu tena. Nikasema la ilaha illallah! Hii si pamba. Hii ni sufi, ile ya kujazia mito.

Nikageuka nikautwaa mto ule aliokurushia mkeo. Ubavuni umefumuliwa, umeshonwa tena kwa mshipi wa kuvulia, mishono mikubwa kama ya gunia la makaa. Umebaki ngozi na sufi ya kiganja kimoja.

Athumani! Pamba aliyokuachia mwanao iliisha, nawe kwa kiburi chako hukuuliza mtu. Pamba ya hospitali iko kila duka la dawa kuanzia feri mpaka Ukunda! Ukaenda kuchokoa mto! Sufi hainywi maji, mjinga wewe. Hata maboya ya meli walikuwa wakiyajaza sufi kwa sababu hainywi maji. Basi waya ulikuwa ukiichoma kavu, na wewe wavuta. Kesho wafungua, watia nyingine, wavuta. Miezi.

Kwa kuhakikisha, maana mimi sihukumu kwa kudhani, nikachomoa sufi mpya ndani ya mto wako, nikaipitisha kwenye waya, nikajaza, nikabonyeza, nikavuta.

Subhanallah. Nimevuta kiko cha babu yangu. Nimevuta moshi wa matairi ya Changamwe siku ya maandamano. Sijavuta kitu kama kile. Nilikohoa mpaka kofia ikaanguka, macho yakatoka nje kutafuta msaada.

Nikiwa nimeinama hivyo nikasikia kitu kimeanguka jikoni. Mwanaisha akaja mbio, mwiko mkononi, akasimama mlangoni. Hakunitazama mimi. Alikuwa akitazama kochi.

"Athumani?" akasema.

Kisha akaniona, akaona na dude. Nyumba nzima yanuka ile harufu yako.

"Kaka, hiyo ndiyo," akasema. "Ndiyo hiyo hiyo. Wavuta nini?"

"Navuta mto wako," nikamwambia. Nikamwonyesha ubavu ulioshonwa, nikamwonyesha bakuli, sufi yaelea. Nikamweleza yote, kama nilivyokueleza wewe, ila yeye alielewa mara moja.

Akaketi chini. "Nilidhani panya," akasema. "Ule mto kila nikiuanika naona umepungua, nikamlaumu panya." Akacheka. Kicheko kikamgeukia kilio. Nikaangalia ukutani mpaka akamaliza.

"Huenda alikuwa akivuta vyote viwili," akasema baadaye. "Na sigara pia."

"Mwanaisha," nikamwambia, "mtu mwenye sigara mfukoni havuti mto."

Akauchukua ule mto, akaipapasa mishono. Kisha akasema, "Basi kafara ni yangu. Mimi ndiye niliyeapa kuwa avuta."

Nikamwambia hakujua, aliapa kwa alivyodhani, akamuulize ustadhi kama kuna dhambi. Akasema, "Ustadhi hakulala chumba cha pili akimsikia akikohoa."

Nikalifunga lile dude, skrubu moja moja, nikalirudisha kwenye leso.

Kwa hivyo jana masikini walikula kwako. Pilau, Athumani, ya mbuzi, na kachumbari, na ndizi. Wewe uliyekuwa ukihesabu vipande vya nyama kwenye sahani za wageni! Uani palijaa. Mimi niligawa, na mimi nilikula, maana njaa yangu haiulizi nani masikini. Mwanaisha alikuwa ndani, dirishani, akisikiliza.

Walipomaliza, mzee mmoja kipofu kutoka upande wa Mtongwe akanyoosha mikono aombe dua. Akauliza, "Huyu marehemu tunayemwombea, alikuwa mtu wa namna gani?"

Wote wakanigeukia mimi, maana ndiye mwenye mdomo. Na nilikuwa nayo, shemeji! Nilikuwa na nyusi za wanja, nilikuwa na embe la msikitini, nilikuwa na mpira wa ndara. Ningewafanya wote wateme pilau kwa kicheko. Nikafungua kinywa.

Nikasema, "Alikuwa mtu wa kweli."

Wakaitikia amin, na dirishani nikasikia amin nyingine. Ndiyo kauli iliyonitoka, na mbele za watu siwezi kuirudisha. Usinizoee. Ulibaki kuwa fundi mbovu kuliko wote niliowahi kuwaona, na nitasema hivyo kila baraza nitakayokaa.

Mola akulaze pahali laini kuliko lile kochi.

Ni mimi, kaka wa mkeo, shemejiyo wa Mishomoroni.