Risasi za Uzito Mmoja

Mpendwa Dada,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepoa. Sisi huku hatujambo. Wa kulalamika tunalalamika na wa kula tunakula. Mama anakusalimu, bado anagombana na redio. Usishangae mwandiko, kalamu hii imenishinda.

Habari niliyoichelewesha ni kwamba yule mchumba wako wa zamani, fundi saa, alioa mwezi uliopita. Mama alikwenda harusini, akarudi akasema bibi harusi ni mpole, basi. Hakumlaumu mtu. Wewe ndiye uliyemwacha, ukamwambia hutaki aje kukulisha kwa kijiko kama Mama alivyomlisha Baba.

Sasa nisikilize, Dada. Juzi niliitoa bunduki yako ya upepo chini ya kitanda, nikaipeleka kwa seremala, tukaibana kwenye jiliwa, lile koleo la chuma la mezani pake. Nikapiga risasi kumi za kopo la mwisho, lile la mashindano uliyoshindwa. Seremala akacheka, akaniuliza kama nalenga shabaha au nafukuza kuku. Matundu yalitawanyika vilevile kama siku ile, na safari hii bunduki ilishikwa na chuma.

Uzito haukuwa na kosa. Nilizipima moja moja, na wewe ulikuwa ukijisifu klabuni kwamba mdogo wako ana mizani kali kuliko ya muuza dhahabu. Lakini unajua kwamba uzito ni nusu ya kazi. Kila risasi ilipaswa pia kupita kwenye kile kibao chenye matundu: vichwa vinene kopo lake, vyembamba kopo lake. Kichwa kinene kinabana kwenye mtutu, chembamba kinalegea, na kila risasi inakwenda kwake hata mpigaji akitulia vipi. Kopo lile nililichanganya. Seremala alipozichambua kwa kibao, tukapiga kumi za kichwa kimoja. Alama zote ungezifunika kwa kifungo cha shati.

Nilikwenda klabuni kumuuliza Kocha kama nafasi yako ipo. Alisema ulijiondoa kwa saini yako mwenyewe, na aliyeingia haondoki. Maji yakimwagika hayazoleki, nami ndiye niliyeyamwaga.

Utaniuliza kwa nini sikupima vichwa. Nilishindwa, Dada. Kwenye mizani unaiangusha risasi tu; kwenye kibao vidole lazima vitulie. Vyangu vilianza kutetemeka miezi miwili kabla ya mashindano. Niliona aibu, nikajiambia uzito utatosha. Siku ile uliposhindwa ukaitazama mikono yako, ukasema ugonjwa wa Baba wa kutetemeka umekufikia. Nilikuwa nimeketi pembeni yako, na yangu nimeikalia. Nilinyamaza siku ile, nikanyamaza ulipomwacha fundi saa, nikanyamaza ulipofunga mizigo.

Mikono yako ni mizima. Ilikuwa mizima siku zote. Sina kingine cha kukurudishia, na najua hiki hakitoshi.

Wasalimie wote unaoishi nao. Mama hajajua bado. Chai naiacha mezani ipoe, halafu naiinamia kama ng'ombe mtoni. Kalamu niliyoisingizia hapo juu haina kosa lolote.

Ni mimi mdogo wako, uliyekuwa ukiniita
Mizani