Anyitike Amefunga Mawili

Jumapili, mchana.

Mvua imeanza alfajiri na haijakatika. Si kubwa, ni yale manyunyu yetu ya Tukuyu yanayoweza kukaa siku tatu bila kuchoka, na ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba ya jirani. Nimetoka kanisani, nimemnywesha mama uji, nimemfunika blanketi la pili, nimekaa.

Wanaoingia kwenye blogu hii kutafuta mazoezi ya mabeki au namna ya kuotesha kabichi, leo hakuna. Leo naandika yangu.

Nimesalitiwa.

Nimeliandika neno hilo na kulifuta mara mbili kabla ya kuliacha. Linaonekana kubwa mno kwa habari ya mpira. Lakini kila nikitafuta jingine dogo zaidi, silioni.

Kwa asiyenijua, mimi ni Sekela, mkufunzi wa kilimo cha mboga katika chuo kimoja cha hapa wilayani Rungwe, na kwa miaka tisa nimekuwa kocha wa timu ya mpira ya wanaume ya chuo hicho. Ndiyo, mwanamke. Mwanzoni walicheka, baadaye wakazoea. Katika miaka hiyo tumechukua kombe la vyuo vya ukanda wetu mara sita.

Watu huniuliza tumewezaje kukaa juu muda wote huo. Timu ya chuo ni kazi isiyoisha. Mwanafunzi anakaa miaka miwili, na siku unapomaliza kumjenga ndiyo siku anayochukua cheti na kuondoka. Kila mwaka unapoteza nusu ya timu. Vyuo vingine huchukua kombe mara moja kisha husikii habari zao tena. Sisi tulikuwa na utaratibu mmoja tu. Kila mchezaji wa mwaka wa pili anakabidhiwa mwenzake wa mwaka wa kwanza wa namba yake. Anakimbia naye, anakula naye, anamfundisha. Akimaliza chuo, anavua jezi yake mwenyewe na kumvisha yule mdogo mbele ya wote. Hata kama mdogo huyo bado ni mbovu, anavishwa. Miezi mitatu ya kwanza tunafungwa na kila mtu, hata timu ya wauza ndizi wa sokoni, na mimi ninawaacha wafungwe. Ikifika mwezi wa saba wanakuwa timu.

Aliyeuelewa utaratibu huo kuliko wote ni Lusajo.

Lusajo alitoka Masukulu, kijiji kimoja na mama yangu. Alikuja chuoni hajawahi kuvaa njumu, mwaka wa pili akawa nahodha. Alipomaliza, nilikwenda kwa mkuu wa chuo mara nne kuomba aajiriwe awe msaidizi wangu kwenye michezo, mpaka mkuu akachoka na akakubali. Alipooa, nilikaa upande wa wazazi wake. Kwa miaka minne amekaa kushoto kwangu benchini. Kabla sijafungua mdomo, alishajua ninataka nani anyanyuke apashe misuli.

Mwezi wa tano mama alipata kiharusi. Nikamtoa Masukulu nikamleta hapa kwangu, nikaomba nipumzike mambo ya michezo kwa muda. Nilimkabidhi Lusajo filimbi na orodha ya wachezaji. Nikamwambia, "Wakifungwa, waache wafungwe. Usiogope."

Akasema, "Usiwe na wasiwasi, mama. Wewe muuguze bibi."

Tukiwa wawili alikuwa ananiita mama. Mbele ya wanafunzi, Madam.

Sasa nije Jumatano.

Jumatano nilimpeleka mama hospitali Makandana kwa mazoezi ya mkono. Nusu fainali ilikuwa inachezwa mchana huohuo, mbali, upande wa Mbeya. Nilikuwa kwenye foleni, simu mapajani, nafuatilia kwenye kundi la wafanyakazi wa chuo. Ujumbe ukaingia: Anyitike kafunga, moja bila. Anyitike ni namba tisa wetu, kijana wa mwaka wa pili, mpole, mwenye mguu mzuri wa kulia. Nilifurahi. Nikamwonyesha mama. Siku hizi maneno yanamtoka kwa shida, lakini alisema "Ndaga" kwa nusu mdomo, kama mtu anayeshukuru kwa niaba yangu.

Haikupita muda ukaingia mwingine: Anyitike tena, amefunga mawili.

Nikainua kichwa nitafute mtu wa kumwambia. Kwenye benchi la mbele yangu, mguu wa kulia umefungwa plasta ngumu hadi gotini, magongo yameegemezwa ukutani, alikuwa amekaa Anyitike.

Tuliangaliana.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Anyitike, uko hapa."

"Niko hapa, Madam."

Nikamgeuzia simu asome mwenyewe. Alisoma, kisha akaitazama plasta yake.

"Nilivunjika mazoezini, wiki tatu zilizopita," akasema. "Mwalimu Lusajo alisema nikae nyumbani, nisimwambie mtu. Alisema jina langu litaendelea kucheza, na tukichukua kombe medali itakuwa yangu."

"Nani amevaa jezi yako?"

"Jina lake silijui. Anachezea timu moja ya ligi huko Mbeya. Wako watatu, Madam."

"Na Gwamaka?" Gwamaka ndiye mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye Anyitike alikuwa anamlea kwenye namba hiyo.

"Aliambiwa bado hajaiva. Ameacha kuja mazoezini."

Kwenye michezo ya vyuo watu hao tunawaita mamluki. Si wanafunzi, wanaazimwa na kuvishwa jina la mwanafunzi ili timu ishinde. Miaka tisa nimewapigia kelele mamluki wa timu nyingine. Nimewahi kusimamisha mechi juani nikidai vitambulisho kimoja kimoja. Na hawa watatu walikuwa wangu.

Muuguzi alipoita jina la mama, alimwita mara mbili ndipo nikasikia.

Alhamisi nilikwenda uwanjani saa kumi. Lusajo aliniona tangu mbali. Aliwapa wachezaji mpira wachezee nusu ya uwanja, akanifuata pembeni. Hakukana. Hilo nalo liliniumiza, kwamba hakujisumbua hata kukana.

"Mama, ningekwambia baada ya fainali."

"Ungeniambia nini?"

"Kwamba ilikuwa lazima. Anyitike alivunjika, kiungo wetu naye akapata malaria, beki akafeli somo na kuzuiwa. Ningecheza na nani?"

"Na Gwamaka. Na wale wadogo."

"Tungefungwa."

"Basi tungefungwa."

Akanitazama kama mtu aliyechoka kusikiliza jambo lilelile. "Wewe ukifungwa, watu wanasema mwaka huu Madam ana timu changa. Nikifungwa mimi, watasema Lusajo ameiua timu ya Madam. Miaka yote hii umenipa nini cha kwangu? Nimepewa kitu cha kutunza kisivunjike."

Akaongeza, taratibu, bila hasira:

"Halafu, mama, mimi mwenyewe nilicheza fainali nikiwa na cheti cha kumaliza chuo ndani ya begi. Nani alinipanga?"

Hapa lazima nikiri, kwa sababu sijawahi kukiri popote.

Miaka mitano iliyopita fainali iliahirishwa kwa wiki mbili kwa sababu uwanja ulijaa maji. Katika wiki hizo wanafunzi wa mwaka wa pili walimaliza chuo. Kwa kanuni, Lusajo hakuwa mwanafunzi tena. Nilijua. Nilimwambia aje na kitambulisho chake cha zamani, nikampanga, akacheza kama simba, tukashinda. Nilijiambia kwamba ni suala la karatasi tu, kwamba yeye ni wetu, kwamba hakuna anayepoteza chochote. Timu tuliyoifunga siku ile ilikuwa na kipa aliyelia mpaka akashikwa mkono kutolewa uwanjani. Nilipita mbele yake nikiwa na kombe.

Kwa hiyo nilipokuwa nimesimama pale na Lusajo, sikuwa na mikono safi. Yeye alijua na mimi nilijua.

"Ulikuwa mwanafunzi wetu," nikasema, na nikaisikia sauti yangu ilivyo nyembamba.

"Nilikuwa," akasema.

Nikamuuliza kama mkuu wa chuo anajua. Akasema nimuulize mwenyewe.

Mkuu alinipokea vizuri sana. Alinikaribisha kiti, akauliza hali ya mgonjwa. Nilipomweleza, hakushtuka. "Madam, wewe umechoka," akasema. "Una mama kitandani. Jumamosi njoo ukae nasi meza kuu, tupokee kombe pamoja. Haya mambo madogo waachie vijana."

Nikaomba kuona orodha iliyopelekwa kwenye mashindano. Alisita, kisha akaisukuma mezani, nadhani akiamini nikiona muhuri wa chuo nitatulia. Majina yote yalikuwa ya wanafunzi wetu. Anyitike namba tisa. Na chini kabisa, mahali pa kocha, palikuwa na jina langu na sahihi yangu.

Sikuwa nimetia sahihi.

Ilikuwa imeigwa vizuri, na ule mkia wa herufi ya mwisho ninaouvuta. Ni mtu mmoja tu aliyekaa karibu nami kiasi cha kuujua ule mkia. Miaka minne amekuwa akinishikia fomu nikiandika juu ya goti.

Yaani na mimi nilikuwa nimechezeshwa. Wakati namgeuza mama kitandani, jina langu lilikuwa uwanjani linashinda mechi.

Nilirudi nyumbani nikaandika barua kwa kamati ya mashindano. Niliandika habari ya mamluki watatu na ya sahihi. Kisha nikakaa na kalamu muda mrefu, nikaandika na ile ya miaka mitano iliyopita. Ijumaa asubuhi nikaipeleka mwenyewe. Katibu wa kamati aliisoma mara mbili.

"Madam," akasema, "hili la pili hakuna aliyekuuliza."

"Najua."

Jana asubuhi, kabla ya fainali, kamati iliwaita wachezaji wetu na vitambulisho vyao. Wale watatu walishaondoka, wala hatukuona wamepita wapi. Tukatolewa mashindanoni. Kombe la mwaka ule limefutwa kwenye orodha yetu. Lusajo amefungiwa misimu miwili, mimi mmoja, sitakaa benchi la mechi yoyote. Mkuu wa chuo alisema mbele ya kamati kwamba aliamini sahihi ni yangu. Alisema bila kunitazama, na wakamwamini.

Hayo yote niliyatarajia. Sikutarajia Baraka.

Baraka ni kipa wetu, mwaka wa pili, mwanafunzi halali kabisa. Jana ilikuwa fainali yake ya mwisho. Alinifuata nilipokuwa nasubiri gari, glovu bado ziko mikononi.

"Madam, sisi nane tulikuwa halali," akasema. "Tumefanya mazoezi mvuani tangu mwezi wa kwanza. Umetuuza na sisi."

Alikuwa na haki, na ningerudi nyuma ningeipeleka barua ileile. Mambo haya mawili nimekaa nayo tangu jana na hayajakubali kupatana. Mimi ninayelia kusalitiwa, kuna kijana bwenini leo anasema hivyohivyo juu yangu.

Nimefikiri sana tulipopotelea. Tulipoanza tulitaka kushinda. Baadaye tukawa tunaogopa kushindwa. Sijui tulivuka mwaka gani, kwa sababu kwa nje mambo hayo mawili yanafanana, wachezaji wanakimbia vilevile na watu wanapiga makofi vilevile. Nafikiri nilimfundisha Lusajo yote mawili. Utaratibu nilimfundisha kwa maneno. Woga aliuona kwangu siku ile ya fainali, na akauweka.

Hilo halimwondolei kosa. Mimi sikuwahi kuiga sahihi yake.

Leo kanisani alikuwa viti vitatu mbele yangu na mke wake na binti yao. Binti ana miaka mitatu. Anaitwa Sekela. Walipompa jina hilo nilichinja kuku wawili, na tangu aanze kusema huniita somo.

Ibada ilipoisha tulijibana barazani tukisubiri mvua ipungue. Mtoto akachomoka miguuni mwa watu, akaja kunikumbatia goti kama Jumapili zote. Mama yake akamwita, hakwenda. Nikamnyanyua. Alikuwa na harufu ya mafuta ya nazi na maandazi. Aliniambia kwamba viatu vyake vimeingia maji, nikamwambia tutavikausha, halafu nikakumbuka kwamba leo hawaji kwangu kula.

Lusajo alikuja kumchukua. Alisimama mbele yangu na mwavuli, macho kwenye kifungo cha koti langu.

"Bibi anaendeleaje?" akauliza.

"Anaweza kushika kikombe."

"Tunashukuru Mungu."

Akamchukua mtoto. Hakusema samahani, na mimi sikusema lolote la kumsaidia aseme. Nilibaki barazani mpaka wakapinda kona.

Adhabu yangu ni ya benchi la mechi. Haisemi kitu juu ya mazoezi. Kesho saa kumi nitakuwa uwanjani, waje wawili au asije mtu. Nitawaambia kwanza habari ya fainali ile ya miaka mitano iliyopita, kwa mdomo wangu, kisha tutakimbia.

Lusajo sijamsamehe. Naandika hivyo ili nisije nikajidanganya kwamba nimemsamehe.