Anwani ya Marehemu Jonasi Bado Inaita

Mpendwa mshauri Mama Mwamvita, shikamoo. Nisaidie kabla sijarukwa na akili. Mimi ni Benigna wa Urambo, natunza seva ya kituo cha afya, ile inayopokea maombi ya gari la wagonjwa kutoka vijijini, kazi aliyokuwa akiifanya mume wangu Jonasi mpaka radi ilipomuua pamoja na kompyuta yake, ambayo nimeifungia sandukuni, imeungua nyeusi, sasa mama, tangu arobaini ipite, kila asubuhi saa mbili kasoro dakika kumi, wakati uleule aliokuwa akiiwasha kompyuta yake, seva inapigiwa hodi na anwani ya kompyuta ile, hodi moja, mara mia, mara maelfu, na kila moja seva inaiitikia karibu, inaitengea nafasi, inangoja, lakini haingii mtu, kimya tu, mpaka nafasi zinajaa. Fundi Ngassa alitaka kuizuia anwani hiyo, nikamwambia asiguse, nitamfungiaje mlango mume wangu? Nakaa pale nalia, namwambia karibu, baba Prosperi. Jumanne iliyopita, Stela wa Usoke aliomba gari akiwa na uchungu, nafasi zimejaa, akajifungulia kando ya reli, na mtoto hakulia. Sijamwambia mtu. Nifunge?

Benigna, Urambo

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba, pole sana. Lakini jamani Benigna, umenitia hasira!

Huyo si Jonasi. Kwenye mtandao, anwani ya mtumaji ni kama jina nyuma ya bahasha, yeyote anaweza kuandika la marehemu, na seva yako imeundwa kumwamini kila mtu na kumngoja. Mhuni ameujua udhaifu huo. Kwa nini anwani ile, kwa nini saa ile, sijui, na nisikufiche, nywele zimenisimama. Ila mumeo asingemzibia mzazi njia, hilo unalijua kuliko mimi.

Leo hii mwite Ngassa. Aipange seva isimtengee yeyote nafasi mpaka mwenyewe ajibu kwanza, na muda wa kungoja aupunguze. Mweleze mganga mkuu kila kitu, mkaripoti polisi. Hodi zikiendelea, usikae kuzitazama.

Kisha panda gari uende Usoke kwa Stela, umwambie kwa mdomo wako kwa nini gari halikuja. Atakufukuza, pengine. Rudi tena. Yeye alikuwa hai, aliita, na wewe hukumwitikia.