Flor ni Nani?

Mjukuu wangu Furaha,

Hapa Sharpstown hatujambo. Mama yako amehamishiwa zamu ya mchana pale ghalani, na goti langu limetulia. Umeniuliza, "Koko, mbona hujanipongeza?" Nina hasira, ndiyo sababu.

Siyo kwa kuimba Kihispania. Albamu yenu ya kwanza ni tamu, naosha vyombo huku nacheza. Lakini jalada limeandikwa "Marisol na Flor". Marisol ni mwenzako, namjua. Flor ni nani? Eti mtu wa studio huko Irving alisema Furaha ni jina gumu! Watu wanaotamka majina ya vidonge vyangu vyote, Furaha ndilo liwashinde? Na wewe ukakubali!

Hata mimi, usichanani kule Bukavu, niliimba Kihispania cha kubahatisha, nilichokiokota kwenye santuri bila kuelewa neno. Kwenye arusi moja mshereheshaji akanitangaza "Carmen". Ukumbi mzima ulishangilia, mama yangu akakunja mikono. Nikamuuliza mbona hakunipigia makofi.

"Nilikuwa nangoja Zawadi aimbe," akasema.

Albamu nimeisikiliza mpaka mwisho. Bado nangoja Furaha aimbe.

Koko wako,
Zawadi