Rakaa Mbili za Adhuhuri

Maskati

Mjukuu wangu Zuhura,

Baada ya salamu, nisamehe. Barua zako mbili zimekaa bila ya jibu tangu Ramadhani. Sote wazima. Shangazi yako wa Sidab amejifungua mtoto wa kike, na paji la uso ni lako.

Umeuliza ni saa ngapi kwa ndege baina ya hapa na Darisalama, ili unikatie tiketi. Aliyetoka huko juzi kupitia Bahreni anasema angani alikaa saa kumi, na kungojea kulimchukua siku mbili. Mimi umbali nilifundishwa kuupima kwa njia nyingine.

Marehemu baba yangu alitoka huku akiwa kijana, akahamia Unguja. Msafiri, kama ujuavyo, hupunguza sala ya rakaa nne ikawa mbili, na kwa madhehebu yetu ruhusa hiyo haina kikomo cha siku. Yeye aliipunguza miaka ishirini. Siku moja, nikiwa barobaro, nilimwambia: "Baba, una nyumba, una mke, una minazi. Bado msafiri?"

Mama akacheka ukumbini: "Kumbe nimeolewa na mpita njia!"

Baba akakunja msala. "Nyumba nnayo, mwanangu. Nia ya kutorudi kwetu ndiyo sina."

Nilimwona mkaidi. Leo mimi, mzaliwa wa Unguja, nasali adhuhuri rakaa mbili katika mji alioutamani baba yangu, na jirani haachi kuniuliza: "Sheikh, bado tu?"

Tiketi usiikate kwanza. Siku nitakapotia nia, ya kubaki au ya kurudi kwenu, nitakuandikia wewe kabla ya kumwambia mtu yeyote hapa.

Babu yako